Modeli ya mtandao wa maji inapotoa majibu ya ajabu: dalili, sababu na marekebisho

Umechora mtandao mzima, umeingiza vipenyo, urefu na mahitaji ya maji, kisha umebonyeza kitufe cha kuendesha modeli. Programu inakataa. Au inakubali bila kulalamika, halafu nodi moja (mahali mabomba yanapokutana au kuishia) inaonyesha presha ya mita 13,000 chini ya sifuri. Mwongozo huu unaanzia hapo. Nimeuandika nikiwa na EPANET akilini, programu ya bure iliyotengenezwa na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1993. Programu kadhaa za kulipia zimejengwa juu ya injini hiyohiyo, kwa hiyo dalili nyingi utazikuta huko pia.

Kabla ya dalili yoyote, elewa programu inafanya nini. Inatafuta jibu linalotimiza masharti mawili: maji yanayoingia kwenye nodi yawe sawa na yanayotoka, na hedi inayopotea ndani ya bomba iendane na mtiririko wake. Hedi ni mwinuko wa mahali ukijumlisha presha iliyopimwa kwa mita za maji. Zaidi ya hayo haijui kitu. Haijui kwamba bomba la kipenyo cha milimita 12 haliwezi kulisha mtaa, wala kwamba maji hayapandi mlima kwa presha hasi. Katika hali yake ya kawaida itatoa mahitaji yote uliyoandika, hata kama hakuna presha ya kuyasukuma.

Ndiyo maana naomba jambo moja: usiiguse namba ya C mpaka umemaliza mengine yote. C ya Hazen-Williams, fomula ya kuhesabu hedi inayopotea, inaeleza ulaini wa bomba kwa ndani; ni rahisi kuibadilisha, na kila ukiibadilisha presha inasogea. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Katika modeli nilizokagua, zangu na za wenzangu, kosa lilikuwa mara nyingi kwenye vipimo, mwinuko au muunganiko, na aliyeipotosha C alikuwa ameshalifukia kosa hilo chini ya namba zinazofanana na ukweli.

Modeli haiendeshwi kabisa

Hili ndilo tatizo jepesi, kwa kuwa programu yenyewe inakutajia kosa. Kosa 224 maana yake mtandao hauna tangi wala chanzo cha maji. Kosa 233 maana yake kuna nodi ambayo haikushikwa na bomba lolote. Mara nyingi ulifuta bomba ukaisahau nodi yake, au uliingiza data kutoka kwenye ramani ya kidijitali ikaja na vipande vilivyobaki.

Kosa 110 linahitaji subira kidogo. Linasema milinganyo imeshindwa kutatulika. Tafuta kwanza sehemu ya mtandao isiyo na njia yoyote ya kufika kwenye tangi au chanzo, kisha tafuta namba zisizowezekana: kipenyo kidogo kupita kiasi, mahitaji yaliyozidishwa mara elfu kwa sababu ya nukta iliyokaa pasipo pake.

Presha hasi zenye tarakimu za kutisha

Ukiona presha hasi ya mamia au maelfu ya mita, usipoteze muda kufikiria pampu. Ni vipimo.

EPANET ikifunguliwa bila kupangwa huhesabu mtiririko kwa galoni za Marekani kwa dakika, na kila bomba unalochora hupewa urefu wa 1000, kipenyo cha 12 na C ya 100. Kwa Mmarekani, 12 ni inchi. Wewe ukichagua lita kwa sekunde, kipenyo kinasomwa kwa milimita, na 12 ileile inageuka kuwa milimita 12. Programu haibadilishi namba ulizokwisha kuweka. Inabadilisha tu maana yake.

Hebu tuhesabu. Bomba la mita 1000, kipenyo cha milimita 12, C ya 100, likipitisha lita 1 tu kwa sekunde, linapoteza hedi ya zaidi ya mita 13,000. Bomba moja ulilosahau kulijaza katikati ya mamia linatosha kuharibu kila kitu kilicho mbele yake. Dawa yake ni fupi: fungua orodha ya mabomba yote, ipange kwa kipenyo kuanzia kidogo, na uangalie yaliyo juu. Kisha ipange kwa urefu. Ukikuta mabomba mengi yenye urefu wa 1000 kamili, ujue uliyachora bila kuwasha kipimo cha urefu cha moja kwa moja.

Kuna mtego wa pili wa aina hii. Ukihama kutoka fomula ya Hazen-Williams kwenda ya Darcy-Weisbach, njia nyingine ya kuhesabu hedi inayopotea, safu ileile ya ulaini sasa inasomwa kama kimo cha vikwaruzo kwa milimita. C ya 130 inakuwa vikwaruzo vya milimita 130, ambavyo kwenye mabomba madogo ni virefu kuliko kipenyo cha bomba lenyewe. Plastiki mpya huwa na sehemu ndogo sana ya milimita moja.

Na mtego wa tatu ni wa kimya zaidi, kwa sababu hautoi tarakimu za kutisha. Bomba la polyethylene linaitwa kwa kipenyo chake cha nje. Anayesema "bomba la 110" anataja milimita 110 kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Likiwa la SDR 11, yaani kipenyo cha nje ni mara 11 ya unene wa ukuta, ukuta wake una unene wa milimita 10, kwa hiyo maji yanapita kwenye tundu la milimita 90. Katika Hazen-Williams, kipenyo kinapandishwa kwa kipeo cha 4.87. Ukiandika 110 badala ya 90, modeli itakuonyesha upotevu wa hedi mdogo mara 2.7 hivi kuliko ule halisi. Modeli itaendeshwa vizuri, presha zitapendeza, na wateja wa mwisho wa bomba watakosa maji. Chukua jedwali la mtengenezaji, soma unene wa ukuta, toa mara mbili yake kwenye kipenyo cha nje, ndipo uandike.

Presha hasi ya mita chache, sehemu moja tu

Hapa namba inaweza kuwa ya kweli au ya uongo, na kuna jaribio moja la kutenganisha. Nalifanya kwa kila modeli mpya kabla ya kitu kingine.

Nenda kwenye mipangilio ya hesabu, tafuta kizidishi cha mahitaji, ukiweke 0.01. Mtandao sasa umelala, karibu hakuna maji yanayotembea, na upotevu wa hedi unakuwa karibu sifuri. Kila nodi inapaswa kuonyesha presha iliyo sawa na hedi ya chanzo kinachoilisha ukitoa mwinuko wa nodi. Chanzo kikiwa na hedi ya mita 1,250 na nodi ikiwa kwenye mwinuko wa mita 1,215, subiri mita 35. Ikionyesha mita 1,250, mwinuko wa nodi hiyo umeachwa sifuri. Ikionyesha presha hasi, basi nodi iko juu kuliko maji yanayoilisha, au mwinuko wake umekosewa. Penye pampu, vali za kupunguza presha au kanda kadhaa, fanya hesabu hiyo kwa kila kanda na chanzo chake.

Kwa nini 0.01 na si sifuri kamili? Kwa sababu EPANET hutoa onyo la kukatika kwa nodi zenye mahitaji tu. Ukiyafuta mahitaji yote, unazima pia kengele ambayo ingekuonyesha sehemu iliyotengana na mtandao.

Jaribio likifichua tofauti ya mita tatu au tano zinazorukaruka bila mpangilio, angalia miinuko ilitoka wapi. Miinuko iliyosomwa kwenye data ya satelaiti inaweza kukosea kwa mita kadhaa, hasa penye majengo na miti, na mita tano ni nusu ya bar. Kwa nodi zilizo juu na kwa matangi, mpe mpimaji kazi ya kupima mwinuko kwa kifaa sahihi. Huko ndiko kosa dogo huamua kama maji yatafika.

Matangi yana kosa lao. Mwinuko wa tangi ni wa sakafu yake, na viwango vya maji, cha mwanzo, cha chini na cha juu, hupimwa kutoka sakafuni. Anayeandika mwinuko wa 1,250 kisha kiwango cha mwanzo cha 1,254 ametengeneza tangi lenye hedi ya mita 2,504. Kwa chanzo ni tofauti: unaandika hedi yote kwa pamoja, yaani usawa wa maji kutoka kwenye bahari, si presha.

Ikiwa miinuko ni sahihi, vipenyo ni vya ndani, na presha hasi bado ipo wakati wa matumizi makubwa tu, basi modeli inakwambia kwamba mahitaji hayo hayawezi kufika pale. Presha hasi yenyewe si ya kweli, ila ujumbe ni wa kweli. Toleo la 2.2 la mwaka 2020 lilileta njia ya kuhesabu mahitaji kwa kutegemea presha. Unaweka presha ya chini, ambayo chini yake hakuna maji, na presha inayotakiwa ili mteja apate yote. Ukiweka 0 na 20 pamoja na kipeo cha 0.5, nodi yenye presha ya mita 5 itapata nusu ya mahitaji yake. Kwa mtandao unaotoa maji kwa mgao, njia hii inakaribia ukweli zaidi. Lakini usiitumie kuficha kosa: wakati wa kukagua modeli rudi kwenye njia ya kawaida, kwa sababu presha hasi ndiyo inayokuonyesha pa kuchimba.

Onyo kwamba nodi zimekatika

Kwenye skrini bomba linaonekana limegusa bomba. Vuta picha karibu mara kumi, karibu zaidi, na utaona uwazi wa sentimita kadhaa, au nodi mbili zilizolaliana kama moja huku kila moja ina bomba lake. Ni ugonjwa wa kawaida wa data iliyotoka kwenye ramani ya kidijitali. Kuna na kinyume chake: mabomba mawili yanayopishana barabarani, moja juu ya lingine, ambayo mchoraji ameyaunganisha kwa nodi isiyokuwepo ardhini. Hilo la pili ni hatari zaidi kwa sababu halitoi onyo. Waulize mafundi wanaochimba mabomba hayo, maana wao wanajua lipi linapita juu ya lipi.

Onyo likitokea saa fulani tu, si mwanzo, mtafute mhusika kwenye muda: tangi lililofika kiwango cha chini likafunga mlango wake, kidhibiti kilichofunga bomba, au vali isiyorudisha maji iliyochorwa kinyume. Mishale ya mwelekeo ikiwashwa, vali ya kinyume huonekana mara moja.

Pampu haisukumi

Ukimpa EPANET nukta moja tu ya pampu, inajichorea mkunjo wa hedi dhidi ya mtiririko: hedi wakati mtiririko ni sifuri huwa 133% ya hedi ya nukta hiyo, na mtiririko wa mwisho huwa mara mbili. Pampu ya lita 10 kwa sekunde kwa mita 40 itafika mita 53 na kidogo, basi. Ukitaka ipandishe maji mita 55, programu inaifunga na kukuonya. Pampu yako halisi inaweza kuwa na mkunjo mwingine kabisa, kwa hiyo andika nukta tatu au zaidi kutoka kwenye karatasi ya mtengenezaji. Hakikisha pia imechorwa kutoka upande wa kuvuta kwenda upande wa kusukuma.

Hesabu haitulii

Programu inarudia hesabu mpaka mabadiliko ya mitiririko yawe chini ya kiwango ulichoweka, ambacho kwa kawaida ni 0.001. Ikifika kikomo cha marudio kabla ya hapo, inasema mtandao haujalingana. Wengi huongeza idadi ya marudio. Inasaidia mara chache, maana kwa kawaida kuna kitu kinachogeukageuka: vali inafunguka, presha inapanda, vali inafunga, presha inashuka, inafunguka tena.

Angalia vali za kupunguza presha kwanza. Mbili zisishiriki nodi moja ya mbele wala zisifuatane moja kwa moja. Isiunganishwe yoyote moja kwa moja na tangi au chanzo. Weka kipande cha bomba katikati. Vali mbili zinazolisha kanda moja kutoka pande mbili, zikiwa na mipangilio inayokaribiana, hupokezana kazi bila kutulia. Shusha mpangilio wa mojawapo kwa mita chache, iwe ya akiba, na mara nyingi hesabu inatulia palepale. Hata ardhini mafundi huzipanga hivyo.

Kisha angalia vidhibiti vya pampu. Ukiamuru pampu iwake tangi likishuka chini ya mita 3.0 na kuzima likipita mita 3.1, umeacha nafasi ndogo mno, na pampu itawaka na kuzima mara kwa mara. Panua nafasi hiyo.

Mwisho, tafuta vipande vifupi vya bomba pana vilivyo karibu na mabomba marefu membamba. Kipande cha nusu mita chenye kipenyo cha milimita 400 hakipotezi hedi yoyote ya maana lakini kinaisumbua hesabu. Kiunganishe na jirani yake.

Tangi linakauka, au linajaa siku zote

Endesha modeli siku tano au saba badala ya moja. Kiwango cha tangi kikipanda na kushuka kwa mtindo uleule kila siku, uko salama. Kikishuka kila siku kwa kiasi kilekile, chukua karatasi.

Mfano: pampu inatoa lita 20 kwa sekunde kwa saa 16, sawa na mita za ujazo 1,152 kwa siku. Mahitaji ya wastani ni lita 14 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 1,209.6. Pungufu ni 57.6 kila siku, na kwenye tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 10 hiyo ni kushuka kwa sentimita 73 hivi. Modeli haina kosa. Ama pampu inafanya kazi saa nyingi zaidi kuliko ulivyoambiwa, ama mahitaji umeyazidisha.

Kuzidisha mahitaji kwa bahati mbaya ni rahisi. Vizidishi 24 vya matumizi ya saa kwa saa vinapaswa kuwa na wastani wa 1. Vikiwa na wastani wa 1.1, umeongeza matumizi ya siku kwa 10% bila kujua. Kumbuka pia kwamba nodi isiyopewa mpangilio wake wa vizidishi hufuata mpangilio wa jumla wa mradi, hata kama ni kiwanda kinachotumia maji sawasawa usiku na mchana.

Kila kitu kiko sawa, ila hakilingani na vipimo vya uwanjani

Huu ndio ugonjwa wa kweli, na hapa ndipo C inapovutwa kabla ya wakati wake.

Anza na geji. Ilifungwa kwenye bomba la uani, mita moja na nusu juu ya ardhi, ilhali nodi yako iko kwenye mwinuko wa bomba lililofukiwa? Tayari una tofauti ya mita mbili au tatu. Badili kila kipimo kiwe hedi: mwinuko wa geji yenyewe, jumlisha presha kwa mita, ukikumbuka kwamba bar 1 ni mita 10.2.

Halafu linganisha maji. Jumla ya mahitaji kwenye modeli ilingane na mita kubwa ya maji inayotoka kwenye tangi. Ukiyachukua mahitaji kwenye bili za wateja, umeacha nje yote yanayovuja. Soma mtiririko wa kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Sehemu kubwa ya maji yanayopita saa hizo huwa ni uvujaji, na lazima yawe na mahali pake ndani ya modeli.

Sasa vipimo vyenyewe: vilichukuliwa mtiririko ukiwa kiasi gani? Bomba la milimita 100 lenye C ya 130 likipitisha lita 5 kwa sekunde hupoteza mita 5.3 kwa kilomita. Likipitisha lita 10 hupoteza mita 19. Mtiririko ukiwa mdogo, C ya 90 na C ya 140 hutoa presha zinazokaribiana kiasi kwamba geji haitofautishi. Fungua bomba la zimamoto, maji yaende kwa nguvu, pima presha kabla na wakati wa kufungua. Bila hivyo, C yoyote utakayoipata ni ya kubahatisha.

Ikiwa baada ya yote hayo modeli inakudai C ya 40 kwenye bomba la plastiki la miaka michache, kataa. Plastiki haifiki huko. Kwa kawaida hutumika 140 au 150. Namba hiyo ni vali iliyofungwa nusu ikijificha. Weka geji tano kwenye njia hiyo wakati mtiririko ni mkubwa, uchore hedi zake kwa mfuatano. Bomba lililochakaa linatoa mteremko unaoshuka kidogo kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Vali inatoa ngazi: 152, 150.5, 149, halafu ghafla 131, kisha 129.5. Kati ya geji ya tatu na ya nne tafuta mfuniko, hata kama umefunikwa na lami. Shuka na ufunguo wa vali na uhesabu mizunguko hadi iwe wazi kabisa. Rudia vipimo jioni hiyohiyo, uirudishe C yako kwenye 140, ndipo uendeshe modeli tena.